UZI: Kazi ya mbunifu wa maleba ya jukwaani, kuanzia mswada hadi ndoo ya kufulia

Kaba_na_Taharizi

Wakuu, kila msimu wa matamasha ukikaribia swali humu ni lile lile: nani anakodisha nguo za kuigizia? Za kukodi zipo, ila mbunifu wa maleba, yaani nguo hizo za jukwaani, kazi yake ni nyingine. Anaamua aliyekaa kiti cha mwisho ajue nini kuhusu mhusika kabla mhusika hajatamka neno. Hiyo ni taaluma, na watu wanaijenga miaka na miaka.

Mfano mzuri ni Paul Tazewell, Mmarekani aliyezaliwa Akron, Ohio, mwaka 1964. Alisomea ubunifu wa maleba North Carolina, kisha shahada ya uzamili New York University. Akaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 1996 na onyesho la dansi la Bring in 'da Noise, Bring in 'da Funk. Tuzo yake ya kwanza ya Tony, ile ya michezo ya Broadway, ilikuja 2016 kwa mchezo wa muziki wa Hamilton, yaani miaka 20 baadaye. Machi 2025 akachukua Oscar kwa filamu ya Wicked, mwanamume wa kwanza mweusi kushinda tuzo hiyo ya maleba. Anayedhani kazi hii inalipa haraka aisome hiyo ratiba tena.

Tazama uamuzi wake kwenye Hamilton. Hadithi ni ya karne ya 18 lakini muziki ni wa leo. Akakata hivi: shingo kushuka chini, nguo za enzi hizo, shingo kupanda juu, nywele na sura za watu wa sasa, hakuna mawigi ya unga kwa kila mtu. Kundi la wacheza dansi akalivisha rangi ya karatasi kuukuu, ili mtu mmoja avae koti tu tayari awe askari, avue awe raia. Rangi kali akawawekea wahusika wakuu. Mfalme wa Uingereza peke yake ndiye aliyepewa mavazi ya kifalme kamili, na ukimwona tu unajua huyu hayumo kwenye ulimwengu wa wale wengine. Sentensi moja ya kanuni, na mamia ya nguo yakapata majibu.

Uzi huu ni wa utendaji. Wenye ujuzi wa mwanga, rangi, kufua, mikataba, karibuni.

Mwl_wa_Maigizo

Shikamooni wakubwa. Naomba tuanzie chini kabisa. Mchezo wa vita vya Majimaji, waigizaji 14, askari wanne wa Kijerumani ambao kwenye onyesho la kwanza ni wanakijiji. Cherehani mbili, fundi mmoja. Mtu anaanza na nini?

Kaba_na_Taharizi

Marahaba mwalimu. Anza na jedwali, kitambaa baadaye. Chukua karatasi kubwa: majina ya waigizaji kushuka chini, maonyesho, yaani sehemu za mchezo, kwenda kulia. Kila kisanduku kiandike mtu huyu anavaa nini hapa, anatoka upande gani wa jukwaa, ana muda gani kabla ya kuingia tena. Muda upime kwa saa wakati wa mazoezi. Usikisie kwa kuhesabu kurasa, kwa sababu ukurasa wenye wimbo unaweza kula dakika nne na ukurasa wa mabishano ukaisha kwa sekunde 40.

Jedwali likikamilika utaona mambo matatu yaliyokuwa yamejificha. Kwanza, idadi halisi ya nguo. Waigizaji 14 huzaa kwa urahisi nguo 30 na zaidi. Pili, nani hana muda wa kubadili. Tatu, nani atakaa jukwaani nguo yake ikiwa imeloa au imechafuka kutokana na onyesho lililotangulia.

Kwa mchezo wako, kanuni ya sentensi moja inaweza kuwa hii: wanakijiji ni pamba iliyochakaa, dola ni kaki iliyopigwa pasi. Wanakijiji wape kaniki (pamba nyeusi) na amerikani (pamba isiyopaushwa), ndivyo vitambaa vya enzi hizo. Kitenge cha maua makubwa cha leo kiweke kando, mwaka 1905 hakikuwepo. Askari ni kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki na nembo ya tai mbele, vitambaa vimeviringishwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti.

Wale wanne wavae suruali ya kaki ndani kabisa tangu mwanzo, imekunjwa juu ya goti, na shuka la kaniki juu. Wakitoka, shuka linadondoka, suruali inashuka, koti na tarbushi vinaingia. Vile vitambaa vya miguuni usiwaache waviringishe gizani, hawatamaliza. Shona soksi ndefu isiyo na wayo, zungusha utepe wa kaki juu yake kwa mshazari, shonea ukae, nyuma acha wazi ufunge kwa velkro, ule utepe wa kunasana. Mtu anavaa mguu mmoja kwa sekunde tano.

Sindano_Namba_90

Jedwali sawa. Ila vipimo ndivyo vinavyoua michezo mingi. Fundi wa mtaani akipima kifua, kiuno, nyonga na urefu anaona amemaliza. Hiyo inatosha kwa mtu wa kwenda harusini na kukaa. Mwigizaji anainua mikono, anapiga magoti, anabebwa.

Ongeza hivi: bega hadi bega kwa nyuma mikono ikiwa imekunjwa mbele, maana mgongo unapanuka sentimita kadhaa, kutoka kitovuni kupita katikati ya miguu hadi mgongoni, akiwa amesimama na akiwa amechuchumaa, unene wa mkono wa juu akiwa ameukaza, mzingo wa kichwa kwa ajili ya kofia na wigi, saizi ya kiatu, urefu kutoka kiunoni hadi sakafuni akiwa na kiatu atakachovalia. Andika na tarehe, watu hupungua wakati wa mazoezi.

Kisha kata nguo ya majaribio kwa amerikani ya bei rahisi. Mvishe, mwambie acheze onyesho zima akiwa ndani yake, usiridhike na kumsimamisha mbele ya kioo. Panapokwaruza kata hapo hapo kwa mkasi, weka alama kwa chaki, na hicho kipande ndicho sampuli yako ya kukatia kitambaa cha kweli.

Nguo za jukwaani zinapasuka sana kwapani. Wengi wakiona hivyo wanapanua mwili mzima wa nguo, na kwapa linashuka zaidi, mkono ukiinuka shati zima linapanda juu. Dawa yake mababu wa pwani waliijua: kanzu ina kikwapa, kipande kinachoshonewa chini ya kwapa. Kata mraba wa sentimita 10 hadi 12, uweke kwa pembe, ili uzi wa kitambaa uende mshazari pale mkono unapovuta. Mchezaji dansi mnene mpe 14. Suruali nayo inataka kipande kama hicho katikati ya miguu.

Akiba ya mshono: duka la nguo linaacha sentimita moja. Jukwaani acha mbili na nusu ubavuni na katikati ya mgongo, pindo la chini sentimita 6 hadi 8. Mwakani nguo hiyo atavaa mwingine mwenye tumbo. Bitana pia usiishonee kila mahali, acha upande mmoja wa chini huru ili fundi aingize mkono atengeneze bila kubomoa.

Doti_Moja

Hapo kwenye kitambaa niongezee hesabu, maana watu hununua pungufu halafu jora limeisha dukani na rangi ile hairudi tena.

Sketi ya duara kamili, kiuno 70, urefu 90. Gawa 70 kwa 6.28, unapata nusu kipenyo cha kiuno, kama sentimita 11. Jumlisha urefu 90, ni 101, ongeza pindo dogo, 103. Kitenge kina upana wa kama 115, kwa hiyo duara halikatiki kipande kimoja. Unakata nusu duara mbili, kila moja inakula mita 2.1. Jumla mita 4.2. Kitenge cha yadi sita ni kama mita 5.5, inabaki 1.3 ya blauzi isiyo na mikono mirefu. Angalizo: kwenye nusu duara ua linasimama wima katikati na kulala ubavuni. Kama nakshi yako ina ndege au herufi, watalala chali.

Na sketi ya duara usiikunje pindo siku ile ile. Itundike kwenye henga usiku mzima, sehemu za mshazari zitashuka zenyewe, ndipo usawazishe. Ukiharakisha, siku ya onyesho pindo linakuwa kama mawimbi.

Kanga nayo: maandishi yake hayasomeki kutoka safu ya nne. Kama jina la kanga lina uzito kwenye hadithi, mhusika mwingine alisome kwa sauti, au liandikwe upya kwa herufi kubwa. Fua kila pamba kabla ya kukata, ina wanga wa kiwandani na hupungua.

Mshika_Taa

Nyie mafundi mnachagua rangi juani Kariakoo, halafu lawama zinakuja kwetu.

Nyekundu chini ya taa ya kijani inakuwa nyeusi. Bluu chini ya taa ya rangi ya kaharabu inakuwa kijivu cha matope. Bluu nzito, kahawia nzito na nyeusi, kwa mbali ni kitu kimoja; kama mapadri wawili na polisi mmoja wamesimama pamoja, tofauti yao itafute kwenye kola na umbo la kofia. Nyeupe safi ni adui mkubwa, inavuta jicho na kuimeza sura ya mwigizaji, hasa mwenye ngozi nyeusi. Ichovye kwenye chai. Kwenye jukwaa itaonekana nyeupe bado, ila haitachoma macho.

Jambo dogo linalosumbua: ukitumia taa za urujuani zile zinazong'arisha meno, shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga ya kung'arisha litawaka kama balbu. Fua kwa sabuni ya mche.

Leta vipande vya sampuli, kila kimoja angalau upana wa viganja viwili, viwekwe chini ya taa zenyewe kabla ya kununua. Nusu saa tu.

Mwl_wa_Maigizo

Chai kiasi gani? Na kuchakaza nguo mpya ionekane ya mkulima kunafanywaje? Wanafunzi huishia kupaka matope.

Batiki_Bwawani

Lita nne za maji, majani ya chai gramu 50, chemsha dakika kumi, CHUJA. Usipochuja majani yatakaa kwenye kitambaa na kuacha madoa kama tetekuwanga. Loanisha nguo kwa maji matupu kwanza ndipo uitumbukize, ikiwa kavu itanywa rangi kwa mabaka. Geuza muda wote, dakika 10 hadi 20. Ikiwa mbichi huonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo kausha kipande kwa pasi uone.

Kuchakaza kuna mpangilio wake. Fua mara mbili tatu. Kisha jiulize mwili unagusa wapi: viwiko, magoti, makalio, ukingo wa mifuko, kola, ncha za mikono. Hapo tu ndipo pasuguliwe kwa msasa au brashi ya waya. Kitie mfukoni kitu kizito, piga maji kwa chupa ya kupulizia, acha mfuko uvutike usiku kucha. Rangi ya uchafu ipulize kutoka chini kwenda juu, vumbi la barabara huanzia kwenye pindo. Matope halisi yanapukutika jukwaani, wacheza dansi wanateleza.

Kwa wanaotaka kutia rangi kabisa: rangi zetu za batiki, zile zinazochanganywa na kemikali za kostiki na haidrosulfaiti, zinashika pamba. Poliesta haitashika. Na hapa wengi hunaswa: kitambaa ni pamba, uzi wa kushonea ni poliesta. Nguo inatoka bluu nzuri, mishono yote imebaki myeupe kama ramani ya barabara. Tia rangi kabla ya kushona, au shona kwa uzi wa pamba. Glovu na miwani ni lazima, kostiki inaunguza, na usimwage maji juu ya kostiki. Kostiki ndiyo inayoingizwa kwenye maji, kidogo kidogo.

Nyuma_ya_Pazia

Kubadili haraka: velkro imesifiwa mno. Ikivutwa inapiga kelele inayosikika hadi ukumbini, inanasa nyuzi za nguo nyingine, na ikifuliwa ikiwa wazi inakusanya manyoya na kuacha kushika. Iweke kwenye mabadiliko yanayofanyika wakati wa ngoma tu. Kwingine tumia zipu nene ya plastiki mgongoni, au vifungo vikubwa vya kubonyeza. Shati la vifungo kumi: vifungo vishonewe juu ya upande mmoja kama pambo, mpasuko wenyewe ufungwe kwa vitatu vya kubonyeza. Viatu vya kamba vitolewe kamba, viwekwe lastiki.

Mpango: nguo inayofuata ilazwe kwenye kiti ikiwa wazi, suruali imekunjwa ndani ya kiatu ili miguu iingie vyote kwa pamoja. Mvishaji mmoja nyuma, mmoja mbele, kila mmoja na kazi yake. Mwigizaji asimame tu na kunyoosha mikono. Akianza kujisaidia mnagongana. Taa ndogo ya bluu, isionekane ukumbini. Fanyeni zoezi mara tano kwa saa kabla ya zoezi la mwisho. Kama bado ni zaidi ya muda uliopo, mwongozaji aambiwe aongeze mstari au ubeti. Hilo liseme mapema, usiku wa ufunguzi hakuna ubeti utakaoongezwa.

Maikrofoni ndogo zikitumika, shona mfuko wa kisambazaji (kile kiboksi kinachorusha sauti) kwenye fulana ya ndani, mgongoni chini ya mabega, usiutundike kwenye mkanda. Jasho huua kisambazaji. Watu wa fani hukivisha kondomu isiyo na mafuta. Shanga na mikufu mikubwa iwe mbali na kipaza sauti.

Mzee_wa_Kinyago

Hamjagusa kichwani. Julie Taymor alipobuni maleba ya mchezo wa muziki wa The Lion King, iliyofunguliwa Broadway Novemba 1997, yenye akina Simba na Rafiki wenye majina ya Kiswahili, hakuficha uso wa mwigizaji ndani ya kinyago. Kinyago cha simba kinakaa juu ya kichwa, uso wa mtu unaonekana chini yake, mtazamaji anasoma vyote viwili. Vinyago vile alivitengeneza pamoja na Michael Curry kwa nyuzi za kaboni ili viwe vyepesi. Cha Mufasa ni kama gramu 300 tu. Mwaka 1998 Taymor alipata Tony mbili, ya uongozaji na ya maleba.

Kinyago cha mti kizuri ukutani kinaweza kufika kilo mbili. Mwigizaji atakivaa dakika tano shingo ikakamaa, sauti ikabaki ndani. Tengeneza kwa karatasi na gundi ya wanga juu ya udongo: matabaka sita hadi nane, kila tabaka likauke, na ubadilishe rangi ya karatasi kila tabaka ili ujue ulikopita na usikopita. Ndani weka sponji kwenye paji la uso na panja zote mbili, usitegemee lastiki moja. Mdomo uwe wazi kabisa. Matundu ya macho yapimwe mwigizaji akiwa amevaa na akitazama sakafu, huko ndiko kwenye ngazi.

Doti_Moja

Damu tafadhali. Shati jeupe, mtu anachomwa kila usiku, maonyesho sita.

Batiki_Bwawani

Sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kakao nusu kijiko kwa kikombe ili isionekane kama juisi, na kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo ili itoke ikifuliwa. Yenye sabuni isikaribie mdomo wala macho. Ya mdomoni itengenezwe peke yake bila sabuni. Jaribu kwenye kipande cha shati lenyewe, ikae saa mbili, ndipo ufue. Maji baridi kwanza, ya moto yanaipigilia rangi humo humo. Na shati moja halitoshi, uwe na mawili ya kupokezana na la tatu la dharura. Kumbuka mishipi na suruali nazo zinapata matone.

Nyuma_ya_Pazia

Tukiwa kwenye kufua. Broadway wana maonyesho manane kwa wiki, na kinachogusa ngozi kinafuliwa kila mara. Koti na gauni zito havifuliwi hivyo, vinakufa. Ndiyo maana chini ya kila kitu kuna fulana ya pamba, mbili kwa kila mtu, na pedi za kwapani zilizoshikizwa kwa bandi, mshono wa muda, ili zitolewe. Baada ya onyesho geuza koti nje ndani, pulizia kwapani vodka ya bei rahisi au spiriti isiyo na rangi nusu kwa nusu na maji, tundika penye upepo. Ile spiriti yenye rangi inaacha doa. Manukato hayaondoi harufu, yanaiongezea tu ndugu.

Jina la mwigizaji na namba ya onyesho viandikwe kwenye utepe ndani ya kola. Kila usiku orodha ikaguliwe: kifungo, mshono, zipu, pindo. Pini za usalama ni za dharura ya usiku mmoja, asubuhi ziwe zimetoka.

Mwl_wa_Maigizo

Nashukuru sana. La mwisho: kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii huku kwetu, anatozaje?

Kaba_na_Taharizi

Marekani wabunifu wa Broadway wana chama, United Scenic Artists, chenye viwango vya chini na malipo ya kila wiki kadiri onyesho linavyoendelea. Huku mkataba unajiandikia mwenyewe, kwa hiyo andika. Ujira wako utengwe na bajeti ya vitambaa. Vikichanganywa, kila kifungo kitatoka mfukoni mwako. Theluthi ukisaini, theluthi michoro ikipitishwa, theluthi kabla ya usiku wa ufunguzi, nasema KABLA. Taja fitingi, yaani kujaribisha nguo mwilini, ni mbili kwa kila mtu, mwigizaji akibadilishwa gharama mpya. Taja nani anafua. Taja nguo ni za nani onyesho likiisha, na michoro ni yako. Asilimia kumi ya bajeti iwekwe akiba, itatumika kwenye viatu, siku zote ni viatu.

Kujifunza: Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa tangu 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana sanaa za maonyesho. Nairobi mtu akae karibu na makundi yanayocheza Kenya National Theatre, aombe kazi ya kuvisha kwanza. Mvishaji anajifunza kwa msimu mmoja nguo zipi zinapasuka na kwa nini. Na apite Gikomba au mitumba ya Karume asubuhi na mapema, atafute makoti ya sufu ya zamani na kuyafungua mshono kwa mshono aone ndani yamejengwaje. Mwalimu, wale askari wako wanne, makoti yao yatafute huko huko kwanza kabla hujanunua kaki.

Sindano_Namba_90

Na akiyapata akague makwapa. Sufu iliyooza haionekani kwenye henga, ivute kwa vidole viwili.